Ganzi, nyayo kuwaka moto, kuyumba: usikubali jibu la haraka

Hapa Mombasa ukisema tu miguu yafa ganzi utapewa majibu matatu kabla hujamaliza kuongea. Jirani atasema umetupiwa jini, shangazi atasema ni baridi yabisi, na wa duka la dawa atakuuzia vitamini za neva, yaani mishipa ya fahamu, bila hata kukuuliza umri. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, nlikunywa na sijutii, dua haina ubaya, lakini dua na vipimo havigombani jamani.

Neva husumbuka kwa sababu kibao. Kisukari ndo cha kwanza kufikiriwa, sawa, lakini kuna upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kuzembea, pombe ya miaka mingi, HIV, neva kubanwa kwenye uti wa mgongo, na hata dawa zenyewe, mfano isoniazid ya TB, ndo maana mgonjwa huongezewa vitamini B6. Ukoma nao bado upo, kwa hiyo baka la ngozi lisilosikia mguso usilipuuze.

Mimi nina sukari na nimemeza metformin, dawa ya sukari, miaka mingi. Nyayo zikaanza kuwaka usiku, shuka ikigusa tu nashtuka, na kila nikienda naambiwa "ni sukari hiyo mama" na huku sukari yenyewe imetulia! Mpaka daktari mmoja kijana akanivua viatu, akanipigia kile kichuma kinachotetema akakiweka kwa kidole gumba cha mguu, sikusikia chochote. Akanisimamisha miguu pamoja, nifumbe macho, nikayumba nusura niiangukie meza. Ndo akauliza nameza nini na tangu lini, maana metformin ikitumika sana yaweza kushusha B12. Kupima, kweli iko chini, na damu yenyewe haikuwa imepungua, kwani neva zaweza kuumia hata kama damu iko sawa. Dawa sikuachishwa, nliongezewa sindano za B12. Neva hupona polepole mno, ujipange kwa miezi.

Sasa wewe, kabla ya kwenda andika ilianza lini, ni upande mmoja au pande zote, yapanda au imekaa palepale. Miguu yote ikianzia vidoleni na kupanda taratibu ni habari moja, kiganja kimoja kufa ganzi usiku kuanzia kidole gumba ni nyingine kabisa, huenda neva imebanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Beba dawa zako zote, na za miti shamba pia, usione haya. Na ukiambiwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili, uliza yatafuta nini, maana ni ghali, na vipimo vya damu vya sukari, B12 na tezi vyaweza kukujibu kwanza.

Udhaifu unaopanda kutoka miguuni ndani ya siku chache tu, au mgongo unauma na mkojo haushikiki, usingoje kliniki, nenda kasualti siku hiyohiyo. Na uso ukipinda ghafla, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, huenda ni kiharusi, panda chochote, hata tuktuk, ufike hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa kama Coast General, tunayoiita Makadara, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze na picha lazima itangulie, kwa hiyo shika saa ilipoanza, ndo watakayokuuliza mlangoni.