Karata ya Kifo imeangukia Aprili: usiahirishe harusi

Pole dada yangu wa Sinza. Umeniandikia kwamba umechomoa karata 12 za taroti, zile karata za picha za kutabiria, moja kwa kila mwezi, kwenye pakiti ya michoro ya ndege. Aprili imetoka Kifo, kunguru kasimama juu ya mifupa, na sasa harusi ya mwezi huo inakutia hofu, usingizi hauji, unauliza kama uiahirishe.

Mimi pia iliwahi kunitoa jasho. Ila hiyo karata ya Kifo, namba 13 kwenye taroti, wasomaji wengi wa karata huisoma kama jambo kuisha na jingine kuanza, si msiba. Taroti yenyewe ilianza Italia karne ya 15, mchezo wa karata tu! Andika daftarini unachokiona pichani, ndipo ufungue kijitabu cha pakiti yako. Kunguru wa Dar tumewazoea majalalani, mchoraji huenda alikusudia jingine kabisa.

Tarehe panga na mwenzio. Atakayekudai hela akuondolee nuksi, mkimbie. Usingizi ukiendelea kupotea, kamuone daktari.