Wasia wa admirali wa mkono mmoja

SWALI: Shikamoo, Mzee wa Masijala. Nasoma sheria, mwaka wa pili. Mwalimu alituonyesha picha ya karatasi aliyoiandika Admirali Horatio Nelson wa Uingereza kwa mkono wake, asubuhi ya vita vya Trafalgar. Humo anamwachia mfalme mwanamke asiye mkewe. Darasa zima tulibishana: wasia wa namna hiyo una nguvu? Na mbona mwandiko wenyewe ni kama wa mtoto?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mwandiko, maana miaka 31 ya ukarani wa mahakama nimeimaliza nikikagua maandishi ya marehemu. Nelson alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Julai 1797, akiishambulia Santa Cruz de Tenerife, risasi iliuvunja mkono huo, ukakatwa usiku uleule. Herufi hizo zilizosimama kwa taabu ni za mtu aliyeanza upya kuandika kwa kushoto akiwa na miaka 38. Msimcheke.

Sasa wasia. Alikuwa nao tayari wa mwaka 1803, na alishauongezea mambo mara kadhaa. Hii ya tarehe 21 Oktoba 1805 ni nyongeza nyingine, aliyoiandika katika daftari lake ndani ya manowari Victory. Mwenyewe anataja kwamba meli za Ufaransa na Hispania zinaonekana, kiasi cha maili 10. Walioshuhudia ni manahodha wawili: Henry Blackwood wa Euryalus na Thomas Hardy wa Victory. Sheria ya Uingereza ya siku zile ilitaka mashahidi watatu kwa wasia wa ardhi. Kwa mali isiyo ardhi, mwandiko wa mwenyewe tu ulitosha. Kwa hiyo kwa umbo lake, karatasi ile haina ila.

Ila iko katika kile anachokigawa. Cha kwake alikwisha kumpa Emma Hamilton, ndiye huyo mwanamke wa swali lako: nyumba ya Merton, na pauni 500 kila mwaka kutoka shamba lake la Bronte, kule Sicily. Asubuhi ile anataka apewe kitu kilichomo katika mfuko wa serikali. Anaeleza na sababu: kwamba mwaka 1796 Emma ndiye aliyeipata barua ya mfalme wa Hispania kwa ndugu yake, mfalme wa Naples huko Italia, yenye habari ya vita, na kwamba bila Emma kusema na malkia wa Naples, meli zake za kivita zisingepata mahitaji katika bandari ya Syracuse, Sicily, na kurudi Misri mara ya pili. Anasema hayo ndiyo pekee anayomwomba mfalme na nchi yake, naye anakwenda kuwapigania.

Hapo ndipo ninaposimama kila nikiisoma. Ombi, hata liandikwe na shujaa, mahakama haina pa kulishikia. Niliwahi kupokea karatasi ya baharia mmoja, nyuma ya kalenda, akimtaka kaka yake amtunze mjane wake. Kaka mtu alikaa mbele ya meza yangu akihesabu mabati ya nyumba. Jina la mjane hakulitaja hata mara moja, na mimi sikuwa na kifungu cha kumbana.

Nelson alipigwa risasi mchana, akakata roho saa 10 na nusu jioni, na hata akiwa mahututi aliendelea kumtaja Emma na mtoto wao, Horatia. Nchi ikatoa, tena kwa mkono mkunjufu: kaka yake William akafanywa mwenye cheo cha ukabaila na pauni 5,000 kwa mwaka, mke wa ndoa pauni 2,000 kwa mwaka. Emma serikali haikumpa kitu. Mwaka 1813 alikamatwa kwa madeni, mwaka uliofuata akakimbilia Calais, akafia huko Januari 1815.

Na yule mtoto? Katika karatasi ile baba anamwita binti wa kulea, naye ni damu yake, wa miaka 4. Hakuthubutu kuandika vingine. Aliagiza tu kwamba tangu hapo atumie jina la Nelson peke yake. Agizo hilo halikuhitaji fedha ya mtu, na Horatia alilitumia jina hilo hadi alipoolewa mwaka 1822.