Aina adimu za matunda kwenye uwanja mdogo: kusanya vikonyo

Mkuu, umeuliza kama uwanja mdogo wa nyumbani unatosha kukusanya aina adimu za maembe na maparachichi, na kama uanze na mbegu unazopewa na watu.

Uwanja unatosha kabisa. Shida iko kwenye mbegu. Ukipanda kokwa la parachichi aina ya Hass utapata mparachichi, ila hautakuwa Hass. Hass zote duniani zimetokana na mti mmoja wa California ambao Rudolph Hass aliupatia hataza (haki ya kisheria ya kuimiliki aina hiyo) mwaka 1935, zikaenezwa kwa kubebesha, yaani kuunganisha kipande cha tawi lake kwenye shina la mti mwingine. Mti mama ulikufa 2002, aina bado ipo. Embe hutegemea asili yake: nyingi za Kusini-Mashariki mwa Asia hutoa miche inayofanana na mama, lakini za India kama Alphonso hubadilika.

Ndiyo maana mimi nakusanya vikonyo, yaani vile vipande vya matawi vya kubebesha. Mwembe mmoja uliokomaa unabeba aina kadhaa, kila tawi na yake. Chagua kikonyo chenye unene wa penseli, jicho la juu limevimba lakini halijafunguka. Kipunguze majani wiki moja hivi kabla ya kukikata. Kisu kiwe kikali, uchonge kwa mkupuo mmoja. Ukirudiarudia, uso unakuwa na mabonde na hautalala vizuri kwenye shina. Ile ngozi ya kijani chini ya ganda lazima ikutane na ya shina, hata kama ni upande mmoja tu. Kisha kaza kwa utepe wa plastiki. Aina yenye nguvu itataka kuwameza wenzake, hiyo ipogoe bila huruma.

Kwenye parachichi, changanya Hass na Fuerte. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, la Fuerte asubuhi huwa dume, basi yanasaidiana kuchavushana.

Michungwa na milimau nakuomba sana uwe mwangalifu. Ugonjwa wa majani kuwa na mabaka ya njano husafiri ndani ya kikonyo, na hauna tiba. Mti ukiutilia shaka, usikate kitu, hata kama ni aina uliyoitafuta miaka.

Majina yaandike siku hiyohiyo. Wino hufutika kwa jua. Mimi nakwaruza jina kwa msumari kwenye kipande cha bati laini la alumini, nakining'iniza kwa waya uliolegea ili tawi likinenepa lisikabwe.