Kabla ya kuandika tamko, pimeni mtungi

Muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji ametuandikia akiwa amevunjika moyo. Yeye na wenzake walikusanya saini, wakaandika tamko moja lililogusa vita, tabianchi na umaskini wa wagonjwa, wakalipeleka kwa uongozi wa hospitali. Walishukuriwa, na jambo likaishia hapo. Anauliza walikosea wapi.

Dada, hamkukosea kuumia. Vita, joto la dunia na ufukara huwafikisha wagonjwa kwenye kitanda kilekile. Lakini mkurugenzi wa hospitali hana uwezo juu ya vita. Ana uwezo juu ya mabomba ya gesi ya hospitali yake, na kuhusu hayo hamkumwomba chochote. Tena tamko lenu halikuwa na kitu ambacho ninyi tu mngeweza kukileta. Wengine waliwahi kuleta kipimo chao: mjini St. Louis, Marekani, kuanzia 1958 madaktari, wanasayansi na wazazi walikusanya meno ya utoto yaliyong'oka na kupima strontiamu-90, yaani chembe za mionzi zilizotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Strontiamu hufuata njia ya kalisi mwilini, hivyo hujikusanya kwenye meno na mifupa. Mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio ya angani ulikuwa na sababu nyingi, lakini baada ya kipimo kile haikuwezekana tena kudai kwamba mabomu ya mbali hayamgusi mtoto wa nyumbani.

Kwa kuwa mko chumba cha upasuaji, anzeni na naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi na ya kupunguza maumivu. Kilo 1 ya gesi hiyo huongeza joto la dunia kama takriban kilo 273 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Hospitali nyingi huisafirisha kwa bomba kutoka chumba cha mitungi, na bomba huvuja kwenye viungo na valvu usiku na mchana, hata siku ambayo hakuna upasuaji.

Ombeni famasi au stoo rekodi za ununuzi za miezi 12, mgeuze mitungi kuwa lita. Mtungi wenye kilo 3.4 hutoa lita 1,800 hivi. Kisha chukueni fomu za nusu kaputi za wiki 2 kamili, mzidishe mtiririko wa gesi kwa dakika zilizotumika: lita 2 kwa dakika, kwa saa 1, ni lita 120. Jumlisheni, zidisheni kwa 26 kupata mwaka mzima. Toeni jibu hilo kwenye lita zilizonunuliwa. Kinachobaki, kwa sehemu kubwa, kimepotea hewani. Hospitali za Uskoti zilizofanya hesabu ya namna hii zilikuta gesi nyingi kuliko nusu haikumfikia mgonjwa yeyote.

Msiiamini geji. Ndani ya mtungi gesi hii ni kimiminika, na mgandamizo haushuki mpaka kimiminika kiishe, kwa hiyo mtungi unaokaribia kwisha husomeka kama umejaa. Upimeni kwa mizani, mtoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni.

Ombi liwe moja: bomba lifungwe, mashine za usingizi zitumie mitungi midogo, na valvu ifungwe gesi isipotumika. Watakaotia saini ni mkuu wa idara ya usingizi, mfamasia na fundi wa gesi. Ongeeni na wakunga mapema kabisa, maana mchanganyiko wa gesi na oksijeni wa kupunguza uchungu wa leba ni mfumo mwingine na hauguswi. Wakisikia habari hii kwenye korido watapinga, na watakuwa na haki. Kila mtungi mdogo unapobadilishwa, angalieni washa ya mpira, yaani pete ndogo inayoziba kiungo. Ikikosekana, uvujaji umehamia tu kwenye mashine. Kazi ya bomba afanye fundi aliyeidhinishwa, na baada yake kila tundu la gesi lipimwe kuhakikisha linatoa gesi yake. Mabomba yaliyounganishwa kimakosa yamewahi kuua.

Kuhusu umaskini wa wagonjwa, hesabuni siku wanazozuiliwa wodini kwa sababu ya deni: tarehe ya kuondoka toa tarehe ya ruhusa. Hapa wengi huteleza. Mara nyingi mfumo huandika ruhusa siku bili ilipolipwa, na kizuizi chote hufutika. Tumieni tarehe iliyo kwenye maandishi ya daktari wakati wa raundi.

Vita vinahitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu kosa lenu linaweza kumfikia mtu kwa risasi. Azimio 2286 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Mei 2016, linalaani mashambulizi dhidi ya huduma za afya, ila azimio halijihesabii vituo vilivyobomolewa. Andikeni tarehe, saa, aina ya kituo, kilichoharibika, huduma iliyosimama na kwa siku ngapi. Tenganisheni aliyeona kwa macho na aliyesimuliwa. Majina yakae faili nyingine, kwenye ripoti ziwe namba. Picha za simu mara nyingi hubeba mahali zilipopigwa, ziondoeni taarifa hizo kabla ya kutuma. Ridhaa ya kusimulia asiombe anayemtibu mgonjwa. Anayetegemea dawa kutoka mkononi mwako hawezi kukukatalia kwa uhuru.

Na mabango yenu yasiwe na msalaba mwekundu kwenye nyeupe. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva, na ikitumiwa ovyo inapunguza ulinzi wa wale wanaoivaa chini ya makombora.

Sasa rudini kwa mkurugenzi na ukurasa mmoja: lita zilizonunuliwa, lita zilizotumika, ombi, tarehe ya kujibu. Miezi 3 baada ya bomba kufungwa, pimeni tena kwa njia ileile na mbandike matokeo mlango wa chumba cha upasuaji, hata yakiwa mabaya.