Soma Riwaya Bila Kutafuta Hoja Sita

Watu wengi wanaoniambia hawapendi riwaya, nikiwauliza ya mwisho kusoma ilikuwa ipi, hunitajia Takadini, Watoto wa Mama N'tilie au Vuta N'kuvute. Yaani mara ya mwisho kushika riwaya walikuwa wamevaa sare za shule na mtihani wa taifa unawasubiri. Hapo ndipo ninapopata hamu ya kukaa nao chini tuzungumze, maana naamini kabisa hawajawahi kuichukia riwaya. Kilichowachosha ni namna tuliyofundishwa kuisoma.

Aliyepita sekondari Tanzania anaijua namna hiyo. Swali linasema fasihi ni kioo cha jamii, jadili kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma. Unatoa hoja tatu kitabu hiki, tatu kitabu kile, juu unaweka utangulizi, chini hitimisho. Mwalimu anaandika ubaoni dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mandhari, wahusika, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, nasi tunanakili. Wapo waliotoka kidato cha nne na majibu yote ya Takadini kichwani huku kitabu chenyewe hawajakifungua, kwa sababu notisi zilitosha. Siwalaumu walimu wetu. Darasa limejaa, nakala za kitabu ni za kuhesabu, mtihani unakaribia, mtu atafanyaje? Na kuna kitu cha maana tulipata: tulijifunza kukiuliza kitabu kinaisemaje jamii yetu. Tatizo ni kwamba namna hiyo haimpi mtu sababu ya kukirudia kitabu siku ambayo hakuna wa kumsahihisha.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kurudi kwenye vitabu, huwa nasema: anza na kile kile ulichosoma shule. Usikimbilie kipya. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Kwenye daftari la kidato cha sita, Yasmini alikuwa "binti aliyeozwa kwa lazima", Denge "mwanaharakati mwenye msimamo", na Mwajuma alipata mstari mmoja tu katika orodha ya wahusika wadogo. Isome sasa, ukiwa umelipa kodi ya nyumba, umependa na umeachwa, uone. Mwajuma ndiye anayenirudisha mimi kwenye kitabu kile. Ni mwanamke wa Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar, asiye na kitu, mchangamfu, anayempokea Yasmini alipoikimbia ndoa ya Bwana Raza na kumfungulia maisha mengine kabisa. Shuleni sikumwona, kwa sababu hakuwa na hoja ya kunipa. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ilipotoka, nilifurahi kuona watu wa rika langu wakikitafuta kitabu upya. Mlango wowote unaomrudisha mtu kwenye ukurasa ni mlango mzuri.

Ukishaanza, jizuie kuuliza "ujumbe wake nini?" mpaka ufike mwisho. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu tumezoea kuwinda ujumbe tangu ukurasa wa kwanza. Mimi husoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Nafuata sauti tu: nani anasimulia, ana haraka au anajivuta, anawapenda watu wake au anawadharau. Penseli huja nikisoma mara ya pili, na zipo sentensi ambazo hazinitoshi kwa kupigiwa mstari, hizo huzinakili kwa mkono kwenye daftari. Mkono unakwenda polepole, kwa hiyo unaona mambo ambayo jicho liliyaruka. Nilipokuwa nikinakili aya za Euphrase Kezilahabi ndipo nilipoona sentensi zake zilivyo fupi, na jinsi anavyoliweka jambo zito mahali ambapo hukulitarajia.

Wakati wangu ni alfajiri, kabla nyumba haijaamka, simu ikiwa chumba kingine. Usiku siwezi, nikilala na kitabu kifuani asubuhi sikumbuki kitu. Kwenye daladala nasoma vitabu vyepesi tu, kwa sababu kondakta, muziki na msukumano havimwachi mtu afuate sentensi ndefu. Wewe tafuta saa yako, hata iwe ndogo, ila iwe ile ile kila siku.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifaidisha kuliko yote: kumfuata mwandishi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wake. Shuleni tulipewa kitabu kimoja cha huyu na kimoja cha yule, hatukuwahi kumwona mtu akikua. Nilimchagua Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akafariki Januari 2020. Ukianza na Rosa Mistika ya mwaka 1971 unakutana na familia ya Zakaria, baba mkali kwa binti na mlegevu kwa nafsi yake, na Rosa anayetoka mikononi mwa baba huyo kwenda kwenye uhuru ambao hakuna aliyemwandaa kwa ajili yake. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na ukikisoma utaona kwa nini watu wazima walishtuka. Halafu Kichwamaji, 1974, na yule Kazimoto asiyepata raha popote, kijijini wala chuoni. Kisha Dunia Uwanja wa Fujo mwaka unaofuata, na Gamba la Nyoka mwaka 1979, ambamo Ujamaa na vijiji vyake vinatazamwa kwa jicho la ndani. Unadhani umemjua. Ndipo inakuja Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, na kila ulichozoea kinavunjwa. Msimulizi yuko safarini katika ulimwengu unaofanana na ndoto, matukio hayafuatani kama kawaida, na anayetafuta hoja sita humo atatoka mikono mitupu. Nagona ni kitabu chembamba. Kisome kwa mkao mmoja, usisimame kwa sababu hukuelewa, endelea tu. Kuna kurasa ambazo hadi leo siwezi kueleza zina maana gani, na ndizo ninazozirudia.

Faida ya kumfuata mtu hivi ni kwamba unashuhudia akili ikibadilika kwa miaka ishirini. Hakuna notisi itakayokupa hilo.

Kama Kezilahabi ni mzito kwako, mfuate Said Ahmed Mohamed kutoka Asali Chungu na Utengano hadi Babu Alipofufuka, au Adam Shafi kuanzia Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli. Nakiri nina upendeleo kwa waandishi wa Zanzibar. Napenda mazungumzo yao: watu wanatupiana maneno, wanapigana vijembe, wanaapa, wanabembelezana, na kila mmoja unamjua kwa kauli yake kabla hujatajiwa jina. Katika Kuli, kijana Rashidi anaingia bandarini kubeba mizigo na anafika hadi kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Historia ile ningeweza kuisoma kwingine, lakini kwingine nisingeyasikia magunia yakilalia mabega.

Maneno magumu yasikutishe. Vitabu hivi vina msamiati ambao mtu wa bara hausikii kila siku, na ukifungua kamusi kila mstari utachoka kabla ya sura ya pili. Acha neno likupite likija mara ya kwanza, aghalabu litarudi na sentensi nyingine italifungua. Yale yanayokataa kabisa naandika nyuma ya daftari, mwisho wa juma nayatafuta yote pamoja.

Kwa mtu ambaye amekaa muda mrefu bila kusoma chochote, nampa upelelezi kwanza, na sioni aibu. Mohammed Said Abdulla alituachia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Elvis Musiba alituletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona na Njama, vitabu vilivyopita mikono mingi mpaka majalada yakatoka. Wako wanaovidharau, wanasema si fasihi ya kweli. Mimi nasema mtu anayeshindwa kulala kwa sababu anataka kujua nani muuaji amesharudi kuwa msomaji, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Riwaya nyingine zitamfuata.

Mashairi ni habari tofauti. Usiyasome kimya. Vina na mizani viliwekwa kwa ajili ya sikio, na jicho peke yake halitavitendea haki. Jaribu na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973. Aliyaandika mashairi yale akiwa gerezani nchini Kenya, alikofungwa kwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, na aliandika kwenye karatasi za chooni. Kiswahili chake ni cha Mvita, yaani cha Mombasa. Kimya kimya nilikuwa naona maneno mageni yamepangwa. Siku nilipoyasoma kwa sauti nikamsikia mtu aliyefungiwa anayekataa kunyamaza. Mama yangu, ambaye riwaya hazimvutii hata kidogo, hukaa karibu nikisoma mashairi, na nikikosea lafudhi hunikatiza papo hapo. Sasa nasubiri masahihisho yake kwa hamu.

Tafsiri nazo zisome. Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal inamfikia msomaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa mambo ya eda, uke wenza na urafiki wa wanawake tunayo hapa. Na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari anayeandika kwa Kiingereza, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, ilinifanya nihisi kwamba kitabu kimerudi kwenye lugha ya watu wake.

Je, unaruhusiwa kukiacha kitabu katikati? Ndiyo. Shuleni hatukuwa na ruhusa hiyo, ukubwani tunayo, itumieni. Ila usikitupe wala usikigawe. Kichwamaji nilikiacha nikiwa kijana kwa kuwa Kazimoto alinikera kwa kiburi chake. Baadaye, nilipokuwa nimeshaondoka nyumbani na kurudi likizo nikijiona mgeni kwa wazazi wangu, nilikisoma chote bila kupumzika.

Kuhusu simu, sina ugomvi na simulizi zinazotumwa WhatsApp kwa sehemu. Zimewafanya watu wengi wasome kila siku, na uhondo wa kusubiri sehemu inayofuata tuliujua tangu hadithi za magazetini. Ninachokiomba kwa dhati ni kuacha kusambaziana PDF za vitabu ambavyo bado vinauzwa. Mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo mno. Kama kinapatikana dukani, nunua. Kama mfuko hauruhusu, Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, na mikoani zipo maktaba za mkoa. Kwa vitabu vilivyokwisha sokoni, pita kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba maeneo ya Posta. Zungumza nao, waachie namba, waambie unatafuta nini. Wengi wana kumbukumbu ya ajabu na watakupigia kitabu kikiingia. Na kitabu cha mtumba mara nyingi kina jina la shule au la mwanafunzi ukurasa wa mbele, pamoja na hoja alizoandika pembeni. Huwa nazisoma zote.

Mwisho, tafuta mtu mmoja wa kusoma naye kitabu kile kile kwa wakati mmoja. Haihitaji kundi wala ratiba. Mimi nasoma na dada yangu aliye Mwanza, tunapigiana simu Jumapili. Tumesoma Rosa Mistika pamoja mara ya pili, na tunabishana: yeye anasema Zakaria ndiye aliyemwangusha Rosa kwa fimbo na ukali wake, mimi nasema Rosa alikuwa na nafasi za kugeuka na alizijua. Jumapili iliyopita alinisomea ukurasa mzima kwenye simu kunithibitishia. Nami nimeweka alama ukurasa wangu wa kumjibu.