Folti za kurasa kwenye seva ya PostgreSQL: usikimbilie kubadili kerneli

Assalaam alaykum. Mwenzetu wa Chake Chake ana seva ya Linux yenye RAM GB 16, inayoendesha PostgreSQL (programu ya hifadhidata) yenye shared_buffers, yaani kumbukumbu ya pamoja ya prosesi zake zote, ya GB 4. Asubuhi wafanyakazi wakiingia, koneksheni hufika 200, prosesa (CPU) inamalizia muda mwingi ndani ya kerneli (kiini cha Linux) na huku diski imetulia. Ameshauriwa apandishe kerneli ifike 6.4. Ushauri huo unafaa kwa programu nyingine, kwa hii hautamsaidia.

Folti ya ukurasa hutokea prosesi (programu inayoendeshwa) inapogusa kipande cha kumbukumbu, yaani ukurasa, ambacho hakimo kwenye jedwali lake la kurasa, ile orodha ya kila ukurasa uko wapi kwenye RAM; hapo kerneli lazima iingilie kati. Kwanza tenganisha aina za folti. Endesha `pidstat -r 1` utazame minflt/s (folti ndogo) na majflt/s (folti kubwa). Folti ndogo hutokea ukurasa ukiwa tayari umo kwenye RAM lakini jedwali la kurasa la prosesi hiyo halina habari nao, au ukurasa ni mpya na kerneli lazima iujaze sifuri kabla ya kuutoa. Folti kubwa husubiri diski. Majflt ikipanda pamoja na si na so za `vmstat 1`, umeingia kwenye swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa), na dawa ni kupunguza matumizi ya RAM. Hapa wengi huchanganya: umeme ukikatika na seva ikawaka upya, maombi ya mwanzo huwa mazito, lakini PostgreSQL husoma data yake kwa read(), kwa hiyo usomaji ule hauonekani kwenye majflt. Hilo ni la pg_prewarm, nyongeza ya PostgreSQL inayopakia data kwenye kumbukumbu mapema.

Diski yako imetulia, basi shida ni folti ndogo. Piga hesabu: GB 4 kwa kurasa za KB 4 ni kurasa 1,048,576. Kila koneksheni ya PostgreSQL ni prosesi yenye jedwali lake la kurasa, na inapozaliwa jedwali hilo halina kitu kwa upande wa shared_buffers. Kila ukurasa inaougusa mara ya kwanza ni folti, ingawa prosesi ya jirani iliugusa sekunde iliyopita. Kwa folti za kusoma kerneli hujaza kurasa 16 kwa mpigo, ila kazi bado ni kubwa. Tena kila ingizo la jedwali ni baiti 8: prosesi iliyogusa eneo lote ina MB 8 za majedwali, na prosesi 200 za hivyo ni kama GB 1.6. Tazama mstari wa PageTables kwenye /proc/meminfo saa ya msongamano, utaiona.

Sasa kwa nini 6.4 haisaidii? Toleo hilo lilileta kufuli la kila eneo la kumbukumbu badala ya thredi zote (nyuzi za kazi ndani ya prosesi moja) kugombania mmap_lock moja, kufuli la kumbukumbu yote ya prosesi. Programu ya Java yenye thredi nyingi inafaidika kwelikweli. Prosesi za PostgreSQL kila moja ina mmap_lock yake. Hakuna wanachogombania hapo.

Kinachotibu ni kurasa kubwa za MB 2, ambapo GB 4 inakuwa kurasa 2,048 tu. Usitegemee zile za kujitokea zenyewe (transparent huge pages), kwa sababu kumbukumbu ya pamoja inafuata mpangilio wa shmem_enabled, ambayo kwa kawaida ni never. Zitenge kwa mkono. Zima PostgreSQL, kisha (toleo 15 na kuendelea) endesha `postgres -D` pamoja na njia ya folda ya data, na `-C shared_memory_size_in_huge_pages`. Namba utakayopewa itazidi 2,048 kidogo. Iandike kama vm.nr_hugepages ndani ya /etc/sysctl.d/. Usijaze kupita hapo, maana RAM iliyotengwa hivyo haitumiki kwa kitu kingine, na work_mem (kumbukumbu ya kila prosesi ya kupanga data) haichoti humo.

Kwenye postgresql.conf weka huge_pages = on. Chaguo-msingi ni try, nayo ndiyo inayowaponza watu: kurasa zisipotosha inarudi kimyakimya kwenye KB 4, nawe unaamini umeshatibu. Ikiwa on, itakataa kuwaka na utajua.

Washa upya seva nzima, usiishie kwenye sysctl. RAM iliyokwisha katikakatika haipati vipande vya MB 2 vilivyoungana, na HugePages_Total kwenye /proc/meminfo itakuja pungufu. Halafu weka PgBouncer mbele (programu inayogawa koneksheni chache kwa watumiaji wengi), kwa pool_mode ya transaction, ambapo koneksheni hurudishwa kila muamala ukiisha, ikiwa programu yako inaikubali, ili prosesi zilizokwisha jaza majedwali yao zibaki hai badala ya kuzaliwa upya kila mtu anapofungua programu ya ofisi.