Maswali ya Wasomaji: Viwanja vya Watoto Vinavyomilikiwa na Halmashauri

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu viwanja vya kuchezea watoto vilivyo chini ya halmashauri, ambavyo baadhi yake vimebaki na nguzo zilizoliwa na kutu na minyororo isiyo na viti. Tumechagua chache na kuzifupisha. Anayejibu ni mpangaji wa miji anayeandika katika ukurasa huu.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa jijini Dar es Salaam. Halmashauri yetu imetenga fedha za mapato ya ndani kwa ajili ya kuboresha viwanja vya watoto katika kata zote. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata tumegawanyika: wapo wanaotaka fedha zetu zinunue seti moja kubwa ya vifaa vya plastiki kutoka nje na iwekwe kwenye kiwanja kilicho kando ya barabara kuu, na wapo wanaotaka kila mtaa upate chochote. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu mwenyekiti, pande zote mbili zimeanzia dukani, na huko ndiko fedha za viwanja vya watoto zinakopotelea. Kabla hamjaomba bei kwa mfanyabiashara yeyote, pitieni kila kiwanja mkiwa na afisa mipango miji, fundi wa vyuma na wazazi wachache, muandike kwa kila kimoja hali ya mipaka yake, udongo wa chini, kivuli, na vifaa vilivyopo. Kitu kinachoweza kumuumiza mtoto, kama nguzo inayoyumba au nondo iliyochomoza kwenye zege, kifungwe au king'olewe siku hiyohiyo bila kusubiri bajeti. Baada ya hapo mtaona wenyewe kwamba viwanja vingi havidai vifaa vipya kwanza. Vinadai mchanga, miti, bolti na mtu wa kuviangalia.

Kuhusu seti ya plastiki, msimamo wangu ni kwamba msiinunue mwaka wa kwanza. Jua la pwani huipausha na kuipasua, vipuri vyake haviuzwi Kariakoo, na kipande kimoja kikivunjika kifaa kizima huzungushiwa utepe na kubaki hivyo. Tena mtoto wa miaka mitano haruhusiwi kuvuka barabara kuu peke yake, kwa hiyo kiwanja kikubwa cha mbali atakiona sikukuu tu, akipelekwa, ilhali kile kidogo kilicho nyuma ya nyumba yao angekitumia kila jioni. Wanaopenda mradi mmoja wa kupendeza hunitajia Bustani ya Forodhani kule Zanzibar, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni. Mfano ni mzuri, ila waangalie kilichofanyika pale: ukuta wa bahari, mifereji, taa na nafasi ya wauza vyakula vilishughulikiwa pamoja na sehemu ya watoto, ndiyo maana mzazi ana sababu ya kukaa pale mpaka usiku.

Angalieni pia kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Matokeo ya ukaguzi wenu yasomwe kwenye mkutano wa mtaa, yaingie kwenye muhtasari, kisha yapande kwenye kata na hatimaye kwenye Baraza la Madiwani. Ombi lisilo na muhtasari huishia kwenye droo.

SWALI: Mwanangu alianguka kutoka kwenye bembea akavunjika mkono. Chini kuna sakafu ya saruji, na viongozi wanasema waliiweka ili watoto wasicheze kwenye matope. Bembea yenyewe si ndefu. Je, ni bahati mbaya tu?

JIBU: Pole sana, mama, na mpe pole mtoto. Sakafu ya saruji chini ya bembea haifai, na hilo halina mjadala. Kiwango cha Ulaya cha vifaa vya viwanjani, kinachojulikana kama EN 1176, hakiruhusu zege mahali ambapo mtoto anaweza kuanguka kutoka kimo kinachozidi sentimita 60. Kuhusu urefu wa bembea, wengi hupima kutoka ardhini hadi kwenye kiti kikiwa kimetulia, wakapata sentimita 40 na kuridhika. Kipimo sahihi huchukuliwa kiti kikiwa kimerushwa hadi mnyororo uwe nyuzi 60 kutoka wima. Bembea yenye mnyororo wa mita 2 ikifika hapo, kiti kimepanda mita 1 zaidi, kwa hiyo mtoto anaanguka kutoka karibu mita 1.4, tena akiwa katika mwendo.

Dawa yake ni nafuu kuliko saruji iliyomwagwa. Ivunjwe, kifusi kiondolewe chote, na pawekwe mchanga mlegevu wenye kina cha sentimita 30 kwa vifaa ambavyo kimo cha kuanguka hakizidi mita 2. Sentimita 20 za mwanzo ndizo zinazopokea mwili, na 10 za juu ni akiba kwa sababu miguu ya watoto husukuma mchanga pembeni. Uwe mchanga safi wa mto uliochekechwa, usiochanganyika na udongo wala tope, kwa kuwa wenye udongo hushikana baada ya mvua na jua na kuwa mgumu kama uwanja wa shule. Mchanga wa ufukweni usitumike: chumvi yake hula nguzo, na kuuchimba huko kunaumiza fukwe zetu. Yale matope waliyoyaogopa viongozi wenu yanatibiwa kwa tabaka la kokoto chini kabisa, kitambaa cha kuchujia juu yake, na mfereji mdogo wa kutolea maji ya masika. Mchanga upitishwe reki kila asubuhi, maana paka nao huupenda.

SWALI: Eneo letu la wazi limegeuka gereji na maegesho ya malori. Pembeni wapo mama lishe. Tukiuliza, tunaambiwa eneo "lina mwenyewe". Tufanyeje ili liingie kwenye mpango wa kuboresha viwanja?

JIBU: Nendeni ofisi ya mipango miji ya halmashauri, muombe kuoneshwa mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, na muandike namba yake. Kama mchoro unaonesha ni eneo la wazi au uwanja wa michezo, basi kulibadilisha matumizi ni utaratibu wenye hatua zake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na maneno ya mtu aliyesimama getini hayatoshi. Ombeni kwa maandishi mipaka ihakikiwe na bikoni, yaani alama za mipaka, zirudishwe, kisha kibandikwe kibao chenye namba ya mchoro na jina la halmashauri. Panda michongoma pembeni. Ni ukuta usioibwa.

Barua zinachosha, najua, lakini zimewahi kuokoa makubwa kuliko uwanja wenu. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya, alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, silaha yake ya mwanzo ilikuwa barua, moja baada ya nyingine, kwa kila ofisi iliyohusika. Alitukanwa hadharani, na jengo halikujengwa.

Malori yaondoke, kwa sababu oili iliyomwagika na gari linalorudi nyuma havikai pamoja na watoto. Kuhusu mama lishe nitatofautiana na wengi wenu. Wapewe ukingo mmoja wenye kivuli na maji, moto ukiwa mbali na bembea, na wabaki. Mwanamke anayeuza chai tangu alfajiri anawajua watoto wote wa mtaa kwa majina, na mgeni asiyeeleweka akiingia, yeye ndiye wa kwanza kumuona.

SWALI: Nina binti mwenye ualbino. Kiwanja chetu hakina hata mti mmoja, kwa hiyo huwa namruhusu kwenda wakati wa magharibi tu, jua likizama, wenzake wakiwa wanarudi. Kuna lolote linaloweza kuombwa kwa ajili ya watoto kama yeye?

JIBU: Lipo, na ni haki yake. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inataja haki ya kucheza, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitambua. Ombeni kivuli kama kifaa cha kiwanja, kiandikwe kwenye bajeti sambamba na bembea. Miti ichukuliwe ile inayotanda haraka, kama mkungu na mwarobaini. Mwembe una kivuli kizuri kupita yote, ila msimu wa maembe ukifika mawe yatakuwa yanaruka juu ya vichwa vya wadogo, kwa hiyo upandwe mbali kidogo. Wakati miche inakua, neti ya kivuli, ile wanayotumia wenye vitalu vya miche, ifungwe juu ya nguzo imara.

Kivuli kinawafaa wote. Mtelezo wa bati ukipigwa na jua la saa sita huunguza mapaja. Ushauri wa vitabu vya nchi za kaskazini mwa dunia kwamba mtelezo ugeuziwe upande usio na jua hautusaidii sana, kwa sababu kwa Dar es Salaam jua la mchana huwa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka na kusini katika miezi iliyobaki. Mkiwa mnaandika ombi hilo, ongezeni njia ngumu yenye mteremko usiozidi sentimita 1 kwa kila sentimita 12 kutoka getini, ili mtoto wa kiti mwendo naye afike kwenye mchezo badala ya kuutazama kutoka barabarani.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Je, vijana wa mtaani tunaweza kutengeneza vifaa hivi kwa mabomba na matairi chakavu, au halmashauri itatukataa?

JIBU: Marahaba, kijana. Mnaweza, na ningependa kazi hii iwe yenu, kwa kuwa aliye karibu ndiye atakayeitwa mnyororo ukikatika. Lakini kuna mambo ambayo fundi wa mageti hajayazoea. Nafasi kati ya vyuma iwe ama chini ya milimita 89 ama zaidi ya 230, kwa sababu ndani ya kipimo hicho mwili wa mtoto hupita na kichwa kikabaki. Fremu moja ibebe viti viwili tu, kwani wa tatu wa katikati hana pa kutokea bila kugongwa. Tumia mabomba ya galvanaizi, na kila sehemu uliyochomelea uisage kisha uipake rangi ya zinki kabla ya rangi ya juu, la sivyo kutu itaanzia hapohapo. Rangi ya juu isiwe na madini ya risasi.

Tairi lisilo na waya zilizochomoza ni kiti kizuri, ila litobolewe matundu upande wa chini, tena makubwa. Maji yakituama ndani, mbu wa Aedes, wale wanaoeneza dengi, watazaliana humo, na Dar es Salaam iliyopata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019 haihitaji mazalia mengine. Kabla ya kukabidhi, mualike mhandisi wa halmashauri akague na kusaini.

SWALI: Baada ya ukarabati, diwani anapendekeza kiingilio cha shilingi mia tano ili kumlipa mlinzi. Tukubali?

JIBU: Hapana. Mzazi mwenye watoto wanne atawaacha barabarani, na kiwanja kitabaki cha wachache. Mlinzi alipwe kwenye bajeti ya halmashauri, au kwa kodi ya vibanda vya pembeni ikisimamiwa na kamati inayosoma hesabu zake kwenye mkutano wa mtaa. Apewe pia reki, spana na daftari: kila asubuhi atazame kwa macho, na kila baada ya miezi 3 fundi akaze nati na kupima unene wa ndoano za minyororo. Mara moja kwa mwaka aje mkaguzi ambaye si yeye aliyejenga.